Kaunta Buku

Kwenye andalio la somo, pale pa tathmini,
nimeandika miaka kumi na mmoja:
Somo limeeleweka. Asilimia themanini.
Mwalimu mkuu akagonga muhuri.
Themanini ya nini, hakuuliza.

Siku ile, Uru, mvua ilipiga bati
hadi sauti yangu ikaliwa nusu.
Nikachora duara ubaoni, nikaligawa:
ipi kubwa, theluthi au robo?
Arobaini na saba wakaitika, robo!
Kwani nne si kubwa kuliko tatu?
Nikatia mikasi madaftarini
mpaka kalamu nyekundu ikakauka.

Usiku umeme ulipokatika
nikawasha tochi ya simu, nikafungua kaunta buku
niliyonunua Mbuyuni kwa hesabu za kuku,
nikaandika, kwa mara ya kwanza bila kudanganya:
Leo nimefundisha ubao. Watoto walikuwepo tu.

Sikukusudia isomwe. Niliisahau ofisini
kando ya chupa ya chai.
Jumatatu nikaikuta na penseli pembeni,
mwandiko ulioegemea kushoto, wa mwalimu Ndelilio,
aliyebakiza miezi mitano kustaafu,
asiyezungumza nasi ila bei ya kahawa:
Hata mimi. Tangu themanini na tisa.
Waulize zamu ya maji ya mfongo.

Zamu ya maji! Nani huku asiyeijua?
Siku wakigawana watatu
unamwagilia hadi mgomba wa mwisho;
wakigawana wanne, unafungiwa mfereji
magimbi ya bondeni bado yana kiu.
Aikaruwa wa dirishani akasimama bila kuitwa:
"Kumbe robo ni kidogo!
Ndiyo maana mama hugomba wakija wa nne!"
Darasa likacheka. Mimi nikageukia ubao,
nikajifanya natafuta chaki.

Sasa kaunta buku hailali kwangu.
Imekwenda darasa la pili, imerudi na doa la maharage;
imeshuka shule ya chini ndani ya mfuko wa sukari,
imerudi na mwandiko nisioujua:
Kwetu hakuna mfongo, kuna bomba. Nilitumia ndoo. Ikagoma.
Na chini yake, mwingine:
Ikagoma vipi? Eleza.

Ndelilio kastaafu. Penseli yake imebaki robo,
na siku hizi tunajua robo ilivyo ndogo.
Jana niliichonga kwa wembe, nikaandika:
Desimali. Nimeshindwa.
Geuza.