Baiskeli ya Kulala

Kwanza kilipotea kiti.
Kile cheupe cha plastiki, chenye mguu uliopasuka,
tulichokuwa tukikitoa wageni wakizidi.
Nikauliza. Ogweno akatazama dari.
Kisha fimbo ya pazia. Kisha mpira wa maji,
mita mbili kasoro, umekatwa kwa kisu cha mkate.
Kisha kitanda cha bweni alichorudi nacho Awino
alipomaliza kidato cha nne:
nilikikuta uani, kimebaki kichwa tu,
mabomba yake yamepangwa juu ya gunia
kama mihogo ya kuuza.

Nikasema, mwizi akiwa analala ndani, kufuli la nini?

Miaka kumi na tisa alibeba watu,
Kondele hadi Kibuye, Kibuye hadi stendi,
siku zile pikipiki hazijafika,
kiti cha nyuma kina sponji na kitambaa cha maua.
Alibeba kreti za soda. Alibeba mbuzi.
Alimbeba bibi harusi mmoja hadi Nyamasaria,
shela ikiingia kwenye spoki.
Mgongo ukaweka hesabu zake kimya kimya
na mwaka juzi ukazileta zote kwa siku moja.
Daktari alisema: asikae wima zaidi ya nusu saa.
Ogweno akasema: basi nitaendesha nimelala.
Nilidhani ni maumivu yanaongea.

Alijinyoosha sakafuni, akanipa kipande cha mkaa.
Nichore, akasema. Kisigino hadi nyonga,
nyonga hadi bega. Usinipunguze.
Nikamzunguka nimepiga magoti,
nikapita kwenye kiganja, nikapita kwenye kisogo,
na hapo ndipo Min Akeyo alipoingia kuazima chumvi,
akaona mume kanyooka, mke anapima,
akapiga ukunga ulioitoa nje mitaa miwili.
Watu wa matanga walifika kabla chai haijachemka.
Ogweno akawasalimu bila kunyanyuka.

Barasa wa Kibuye alichomelea kwa mia tatu
na ahadi ya kuku.
Minyororo miwili na nusu tuliiunga ikawa mmoja,
mrefu kama lalamiko,
tukaupitisha ndani ya mpira wa maji
usije ukaitafuna suruali.
Fimbo ya pazia ikawa ya kubeba kibendera,
maana chombo kiko chini, lori halikioni.
Gurudumu la mbele ni la kigari cha mtoto
alichotutumia shemeji kutoka ng'ambo,
kikakaa juu ya kabati miaka saba
kikimngoja yule wa baada ya Awino.
Hilo sikuulizwa.
Hilo nililitoa mwenyewe.

Mara ya kwanza alianguka kabla hajaanza.
Mara ya pili alianguka kwenye nguo zangu zilizoanikwa.
Mara ya tano barabara ya Obunga ikamkubali,
miguu mbele, tumbo juu, mikono chini ya makalio
imeshika kile kichwa cha kitanda,
na watoto nyuma yake wanapayuka:
Mgonjwa amekimbia na kitanda! Mgonjwa amekimbia na kitanda!
Nilisimama na ufagio mkononi.
Sikujua kama nicheke au nifuate.

Alirudi saa moja kasorobo, kavaa vumbi hadi nyusi.
Umeona nini? nikamuuliza.
Nyaya za umeme, akasema. Ziko nyingi.
Na ule mnara wa simu una kiota cha korongo.
Miaka kumi na tisa nilitazama mashimo tu.
Akanyamaza. Akaomba uji.
Alipoinuka kuupokea, nikahesabu: hakushika ukuta.

Sasa anasema breki ni dhaifu, kiatu kinalika.
Nimemwona akizunguka jikoni, anagonga gonga vitu,
anasikiliza.
Ule mchoro wa mkaa bado uko sakafuni.
Nikipiga deki naupita kando, sijui kwa nini.
Na pasi yangu nimeificha kwa Min Akeyo.