Ufunguo wa Shangani

Ufunguo ninao mimi, Somoe Nangomwa,
umefungwa kwa kipande cha kanga iliyochakaa.
Vyumba vinne, madirisha ya alumini,
mwenyewe huja Desemba, siku tisa;
akikawia, kumi.
Siku zilizobaki nyumba ni ya mijusi,
nami naijia kila Jumanne na ufagio.

Kwangu ni Magomeni, chumba kimoja,
watoto watatu, jiko la mkaa mlangoni.
Nikinunua umeme wa elfu tano
kodi ya jengo inakatwa kwanza,
jengo la Mzee Litingu, si langu,
lakini mita haiulizi nani mwenye hati,
inauliza nani yuko gizani.

Juzi mtaani paliitishwa mkutano.
Mtendaji kasimama na daftari:
nyumba ya pili, isiyolaliwa,
ilipe mara tatu.
Watu wakapiga makofi, nami nikapiga,
mpaka nikamkumbuka mjomba Namkoko
na kibanda chake cha shambani, Kitangari,
mabati sita katikati ya mikorosho,
anakohamia na mkeka msimu wa kuokota.
Kile nacho ni cha pili.
Kitalipa mara tatu? nikauliza.
Mtendaji akaandika kitu,
akakifuta.

Hata viti havijarudishwa, simu kutoka Dar:
"Somoe, wakija waambie unakaa humo.
Peleka godoro. Anika nguo za watoto."

Basi nikahamia kwa uongo, usiku mmoja.
Watoto walikimbia chumba hadi chumba
wakiita majina yao
wasikie kuta zikiyarudisha.
Mdogo akauliza kipi ni chake.
Nikabonyeza swichi. Giza.
Mita tupu tangu Januari.

Nikatuma elfu kumi na tano,
hela ya ufagio, ya mwezi mzima.
Ujumbe ukaja: kodi ya jengo, miezi minane,
elfu kumi na mbili, imekatwa.
Kilichobaki, uniti nane.
Nikakaa chini ya taa ile kubwa
nikipiga hesabu kwa vidole:
nimelipa kodi ya nyumba ya mtu
ili mtu asilipe kodi ya nyumba yake.

Alfajiri nikakunja godoro,
nikamtwisha mwanangu wa kwanza.
Nguo zilikuwa bado mbichi kambani,
nikazianua hivyo hivyo.

Mtendaji akija nitamwambia
asihesabu mabati, ahesabu usiku:
nani kalala wapi, mara ngapi.
Kibanda cha mjomba, usiku tisini,
mgongo unauma, moshi machoni.
Hapa, usiku tisa;
akikawia, kumi.
Na ule mmoja wangu
auandike pia.
Risiti ninayo.