Fungu Langu

Baba alikuwa fundi cherehani, Wete, mtaa wa Kipangani.
Mzungu wa barabara, yule aliyepima njia ya Konde,
alishonewa suti mbili za drili, hakulipa.
Akaacha rehani: nishani ya babu wa babu yake
ndani ya kijaluba cha ugoro,
akasema, "Jumamosi."

Jumamosi zikapita mpaka baba hakuliona tena tundu la sindano.

Duara la fedha, upande mmoja kichwa cha malkia,
ukingoni jina la kapteni, herufi ndogo kama mayai ya chawa,
na juu yake, vimepandana mithili ya ngazi, vibamba vitano,
kila kimoja jina la vita.
Talavera. Busako. Badajozi. Salamanka. Vitoria.
Mama alidhani ni majini.
Tukishikwa na homa alituwekea ile fedha kifuani
akayataja yote matano, taratibu, asiyakasirishe.

Baba alipofariki tulibaki wanne:
Shaame na Mbarouk, Mize na mimi.
Wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Sita.
Duara moja, vibamba vitano. Sita.
Sheikh alicheka, hajapata kuona hesabu ikajigawa wenyewe.
Hakuna aliyemwambia kuwa ile ni rehani.
Sonara akaja na koleo yake ndogo;
utepe mwekundu, kingo za buluu, ulioliwa na nondo,
ukamwagika mkekani kama jivu la ubani.

Shaame alichukua duara na Vitoria, ndiye mkubwa.
Mbarouk viwili vyake aliviuza Mombasa, vikawa nauli.
Mize alikifua chake kikawa kipini.
Mimi nikabakiwa na Badajozi.

Nilibania mtandio miaka arobaini na ushei:
harusini, hitimani, kwenye foleni ya mchele.
Mashoga wakiuliza, "Bi Time, hilo jina la nani?"
nikijibu, "La mume wangu wa kwanza."

Mwaka jana mjukuu wangu Raya akalitafuta kwenye simu.
Ni mji, bibi. Uspania. Waliuzingira,
wakaubomoa ukuta kwa mizinga,
wakafa kwenye ule ufa rundo juu ya rundo,
halafu waliosalia wakaingia ndani...
Akanyamaza. Kidole kikapandisha maandishi, kikayashusha.
"Endelea."
"Bibi, wanawake..."
"Siku ngapi?"
"Tatu. Pengine zaidi."

Sikuuliza tena.
Sauti ya komeo likisukumwa kutoka nje naijua;
mwaka ule nilikuwa na umri wake.

Kapteni alikuwapo. Kibamba kinasema hivyo tu:
huyu bwana alikuwapo.
Kama alizuia, kama alishika taa,
kama alijifunika akalala,
fedha haikuandika.

Zamani nilikisugua kwa jivu na ndimu
mpaka herufi zote saba zing'are.
Sasa nimekifunga kwenye kipande cha drili
kilichosalia kwenye mkoba wa baba,
nikakiweka chini kabisa ya sanduku.
Hakisuguliwi. Hakipakwi kitu. Hakitoki nje.
Weusi unakipanda polepole.
Nimekiacha kikae eda.