Gurudumu la Kushoto

Mashua imefika Barabara ya Lunga Lunga
ikilalia trela kama mgonjwa juu ya machela,
magugu ya Naivasha yamekaukia tumboni mwake.
Wachoma mahindi wanacheka: "Syokau, gharika ni lini?"
Nawajibu mvua ya Aprili huijua njia ya huku,
na ikija mtaniomba siti.

Bwana Kimaru hacheki. Anaonyesha ringi ya kushoto,
imeungua rangi kama andazi lililosahaulika.
Tangu Kinungi alinusa kitu,
akadhani ni lori la mbele.
Limuru, moshi ukampungia mkono kwenye kioo.
Fundi wa kwanza akamwambia: ziba paipu hiyo, twende kazi.

Twende kazi!
Tani moja na nusu nyuma ya pikapu,
mteremko wa Mai Mahiu umeachama,
nawe unaziba paipu.

Breki hizi hazina kanyagio.
Gari likipunguza mwendo, trela inalisukuma kwa nyuma,
shingo yake inaingia ndani, inasukuma oili,
oili inabana pedi. Yaani mzigo wenyewe
ndio unaojizuia. Nampenda aliyewaza hilo.

Jeki juu. Barongo anazungusha la kulia:
linaimba kidogo, linachoka lenyewe.
La kushoto halikubali hata kwa teke.

Tusiwe na haraka. Haraka imewauzia kalipa mpya
watu ambao kalipa zao hazikuwa na kosa.
Spana namba kumi. Nalegeza nipo, robo tu,
oili inaruka, nyeusi kama chai ya rangi iliyolala,
inanichafua mpaka kwapani,
na gurudumu linaachia. Linageuka kwa kidole.

Kumbe presha imo. Nani anaizuia?
Nakaza. Barongo anaisukuma shingo kwa nondo, anaachia.
Limeshikwa tena.
Nafungua mbele, paipu ya chuma inapokutana na hozi:
tone moja, lenye adabu. Bado limeshikwa.
Nafungua nyuma, hozi inapoingia kwenye kalipa:
fyuu.

Basi ni hozi. Sentimita thelathini za mpira
ambazo kwa nje huwezi kuzisema vibaya.
Naipasua kwa wembe, mwenyewe aone:
mpira umevimba kwa ndani, umejifunga,
tundu limebaki la kupita sindano.
Oili ikija kwa nguvu, inapita.
Kurudi haina nguvu, hairudi.
Mguu uliondoka kwenye breki kule Kinungi,
na kilomita sabini baadaye
gurudumu la kushoto halijapata habari.

Nimesimama na wembe.
Muthiani alisema lile neno Pasaka, mezani,
mbele ya watoto wangu.
Akaomba radhi kabla chai haijapoa.
Sasa ni Septemba.

"Fundi, vipi?" Barongo anauliza.
Namtuma Barabara ya Kirinyaga akatafute hozi,
yenye vichwa vya shaba, asiletewe ile ya kung'aa tu,
na arudi na risiti.

Jioni tunatoa upepo. Mimi chini, yeye kwenye shingo.
Piga. Piga. Shika.
Nimeshika.
Mapovu yanapanda chupani, makubwa,
halafu madogo, halafu kama ya soda iliyoachwa wazi.
Funga. Achia.
Piga. Piga. Shika.
Nimeshika.
Funga. Achia.
Mara kumi na mbili, mpaka hakuna kinachopanda.

"Achia," nasema.
"Nilishaachia, fundi. Kitambo."

Bwana Kimaru analipa, anadai punguzo, anapewa ushauri:
ukiitoa ziwani, breki zimwagie maji safi,
usizifungie na tope lake.
Nanawa kwa sabuni ya unga na mchanga. Weusi hautoki wote.

Trela inapita getini, taa moja inakonyeza.
Naitegea sikio kwenye tuta la kwanza:
kah. Imeshika.
Halafu nasimama pale pale, mikono ikichuruzika,
nasubiri ile sauti ya pili.