Kwa Lubowa wa Mashine ya Tembe

Lubowa, usinikasirikie.
Tembe yako ni nzuri, nani abishe:
nyeupe, ukingo umenyooka kama kola ya Jumapili.
Uliiangusha sakafuni mara tatu, ikadunda.
"Hii itafika Moroto nzima," ulisema,
"hata lori liingie mashimo yote."

Kazi yangu si kudunda.

Jana umeme wa Luzira ulirudi saa tano usiku.
Nikaisimamisha moja juu ya kijiti,
ikazunguka polepole mbele ya eksirei,
picha elfu moja na mia sita,
nami nikitafuna gonja baridi,
vyura wa ziwa wakigombana dirishani.

Wembe ulishanidanganya.
Mwaka jana nilikata, nikainamia darubini,
nikaona nyufa kila mahali,
kumbe nusu yake nilizileta mimi.
Eksirei haigusi. Inapita tu, inaacha kivuli.

Kisha kompyuta ikashona vivuli,
tembe ikafunguka bila kufunguliwa.
Humo punje zako, mtama ndani ya gunia,
kila moja na koti lake jembamba
lililopakwa ili dawa itoke kwa ubahili,
kidogo, kidogo, hadi alfajiri.

Za katikati zilikuwa salama.
Zilibonyea, zikasogeleana
kama wagonjwa kwenye benchi la kliniki.
Lakini juu, inapotua ngumi ya mashine,
nilihesabu kumi na nne, nikarudia, ishirini na mbili:
ufa mweusi, mwembamba kuliko unywele,
na mahali koti limeingia ndani ya koti
hadi hujui la nani ni lipi.

Ufa hausemi kitu.
Atakayesema ni Apio, kule Lira,
anayemeza moja saa mbili usiku
akijua inamfikisha asubuhi.
Itamwagika yote kabla ya saa sita,
na kifafa, Lubowa, kinajua kungoja saa kumi.

Basi nimeandika: punguza nguvu.
Ongeza unga laini kati ya punje,
zipate mto wa kulalia.
Ndiyo, haitadunda tena.
Ndiyo, Moroto tutaipeleka kwa pamba.

Pita kabla ya zamu yako.
Picha namba 812 nimeiacha kwenye skrini.
Weupe achana nao.
Tazama juu, kushoto,
pale ngumi ilipokaza zaidi
ili herufi zisomeke:
nyufa zimejipanga
chini kabisa ya jina letu.