Kitabu Kisicho na Jalada

Kilikuja ndani ya boksi la ndizi,
chini ya vitabu vya mapishi na kamusi ya mbwa,
hakina jalada, hakina jina, hakina mwenyewe.
Dukani kwetu Dundee, duka la vitu vya sadaka,
kitabu uchi hakiuzwi. Hutupwa.
Nikakificha chini ya aproni,
nikakisoma saa ya chakula, chumba cha nyuma,
shakwe wakigombania chipsi juu ya bati.

Mwandishi wake hakuwahi kuona balbu.
Watu wake wanatembea na mishumaa,
barua inachukua siku tisa kufika,
lakini, wallahi, nawajua.
Yule mwenye nyumba anayehesabu makaa ya wapangaji
ndiye aliyenipandishia kodi mwezi wa Machi
kwa ujumbe wenye emoji ya kutabasamu.
Wale wanawake wa kwenye pampu ya maji,
wanaomaliza kesi kabla ndoo hazijajaa,
wamo humu, kwenye kundi letu la simu:
haijafika saa sita mchana
walikuwa wameshamhukumu Taras.

Paundi ishirini zimetoweka kwenye droo.
Taras ana miaka kumi na tisa,
anatumikia hapa saa alizopangiwa na mahakama.
Nani ahangaike kutafuta mwizi mwingine
na huyu yupo, amepigwa muhuri tayari?
Hakubisha. Alivua beji yake,
akaizungushia utepe, akaiweka kaunta taratibu
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
kijiko cha fedha kinapotea.
Anafukuzwa msichana wa jikoni, usiku, kwenye theluji.
Na yupo mwanamke, hata jina hakupewa,
aliyeona kijiko kikiingia mfukoni mwa bibi mkubwa,
bibi aliyemfunika shali siku za homa.
Mwandishi anampa sentensi moja tu:
Akaendelea kukunja mashuka.

Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena.
Tangu Jumatatu nilikuwa najitafuta humo,
kwa shujaa, kwa mjane mwenye akili,
hata kwa yule padri mcheshi.
Sikujua kwamba nipo kwenye mashuka.

Maana niliona.
Vidole vya Bi Elspeth, miaka sabini na minne,
vikitetemeka juu ya droo.
Ni yeye aliyenifumia glavu hizi.
Kwake mita ya gesi inadai kabla ya kutoa,
na Januari ya mto Tay haimwonei mzee huruma.
Mwanakombo ni refu mno mdomoni mwake,
huniita Kombo,
hajui kwetu kombo ni kitu kilichopinda.

Pembeni mwa sentensi ile
kuna mwandiko wa penseli, umefifia,
umelalia kushoto, mwaka 1931:
Na mimi nilinyamaza.
Basi. Hakuna jina wala maelezo.
Miaka tisini na zaidi mtu huyu amekaa pembezoni
akingoja wa kumjibu.

Penseli ya kuandikia bei ilikuwa nyuma ya sikio langu.
Niliishika. Nikaona haya.

Birika likapiga mluzi.
"Chai, Kombo?"

"Kaa kwanza, Bi Elspeth."