Yupo, Yuko, Yumo

Daftari langu lina safu tatu: jina, namba ya jeshi,
na ile ya mwisho, nyembamba: *Yu hai?*
Mimi karani wa Santa Elvira, mji mdogo wa Paragwai.
Kila Juni napanda pikipiki, navuka tope
kwenda kumwuliza mtu mzima swali la kipuuzi
serikali isije ikamlipa maiti.

Nilipoanza kazi walikuwa kumi na wanne.
Waliketi barazani pa manispaa, medali zimewaelemea upande,
bendi ya zimamoto ikikosea palepale ilipokosea mwaka jana.
Saturnino Vera alisinzia kinywa wazi,
nzi akaingia, akatoka.
Hatukucheka.

Kisha sita. Kisha watatu.
Kisha Don Crispiniano peke yake, miaka mia na miwili,
na viti kumi na vitatu alivyokataa viondolewe.

Kanuni ni kanuni. Nikaita majina yote.
"Saturnino Vera."
"Nipo," akaitika mzee, kwa sauti nzito isiyo yake.
"Anastasio Rolón."
"Nipo," na kikohozi juu, maana Anastasio alikuwa na pumu.
Watoto wa shule wakaanza kubanana mbavu,
mwalimu akawakata jicho.
"Eladio Insfrán."
Kimya.
"Eladio Insfrán!"
"Huyo aitike mwenyewe."

Nikamfuata hadi kwake. Binti yake, Deolinda, kikongwe naye,
akatuletea terere, majani machungu katika maji ya barafu.
Hakunisimulia risasi. Alinisimulia kiu.
Vita vya Chako, miiba na vumbi,
lori la maji limekwama siku nne, hakuna ajuaye wapi.
Walinyonya vifungo vya shati.
Ng'ambo ya handaki vijana wa Bolivia,
walioshushwa kutoka milima ya baridi,
usiku walililia, kwa lugha tusiyoijua,
neno tulilolijua.

Alikuwa na funda moja. Moja! Akaliweka chini ya kichwa.
Kulipokucha chupa kavu,
na ndevu za Eladio zina umande.

Vita vikaisha. Eladio akajenga jirani, ua kwa ua.
Walizikiana wake, walibatiziana watoto,
na habari ya funda lile haikutajwa hata siku ya kulewa.
Kando ya kitanda cha mzee mna glasi ya maji, imejaa, haiguswi.
Deolinda huimwagia mnanaa kila alfajiri,
huijaza tena.

Usiku huo nilikodolea safu yangu ya tatu.
*Yupo* ni wa hapa, namwona, namgusa bega.
*Yuko* ni wa kule, siapi.
*Yumo* ni wa ndani: ndani ya udongo,
au ndani ya koo la mzee mmoja anayebadili sauti.
Safu ina nafasi ya neno moja tu.

Juni iliyofuata alisukumwa kwa kiti cha magurudumu.
Akawaitikia, mmoja mmoja. Nikafika kwa Eladio,
nikataka kumruka, ulimi ukanitangulia.
Mzee akaonyesha kidole: maji.
Akanywa funda, akarudisha glasi.
"Nipo," akasema, sauti imeloa.
Nikaita jina lake mwenyewe,
lakini bendi ilikwisha kuanza,
sikusikia kama alijibu.
Niliandika: yupo.

Mwaka huu sikutumwa. Barua ya mstari mmoja ililifunga daftari.
Nikaenda hata hivyo, tope lilelile, pikipiki ileile.
Nikamkuta Deolinda uani, ameinama, glasi mkononi.
"Umekuja kuuliza?"
"Nimezoea tu."
"Basi nishikie hii," akasema, "mgongo wanikata."
Nikamimina.
Mnanaa ulishapita chini ya ua;
majani mengi, yale mabichi zaidi,
yako kwa akina Insfrán.